Mdogo wangu, kanga ya Mama haikuhitaji kukatwa vile

Mdogo wangu,

Picha ya kwilti yako uliyoshona kwa kanga ya Mama, ile uliyotuma kwenye kundi la familia, niliiona siku ile ile. Wote walikuwekea mioyo, mimi sikujibu, na sasa nasikia umemwambia shangazi kwamba nimekununia. Sijakununia. Nilikuwa naikuza picha kwa vidole, kona hadi kona, nikiangalia mishono. Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu kule kwenye kundi kila neno langu hukufikia likiwa limeshapita midomo mingine.

Nianze na pongezi, na ninazitoa kwa moyo. Kwa mtu anayejifunza kwilti ndogo, yaani tandiko la vipande vya kitambaa vilivyoungwa, lenye pamba ndani, mtindo wa nyumba ya magogo ni chaguo zuri: vipande virefu vyembamba, ndiyo magogo, vinauzunguka mraba wa katikati. Mistari yote imenyooka, hakuna ncha kali za nyota za kukutanisha, na macho hupata mapumziko kati ya nusu iliyokoza na nusu iliyo hafifu. Umeweka mraba mwekundu katikati ya kila bloku, yaani kila kimoja cha viraka vinavyounganishwa kuwa kwilti, kama wanavyofanya washonaji wa huko Marekani tangu zamani, wakisema ndio moto wa nyumba. Mama angeupenda.

Lakini bloku zako hazilingani. Umezivuta zikutane, ndiyo maana kwilti imefura katikati na kingo zake zinanyanyuka mezani. Umeandika kwamba mwalimu wa warsha kasema ni kawaida kwa anayeanza. Hebu tupige hesabu. Bloku yako ni ya inchi 2. Ukiipima kwa upana ina vipande 7: magogo matatu ya robo inchi, mraba wa nusu inchi, kisha magogo matatu tena. Hiyo ni mishono 6. Mshono ukiingia ndani nusu milimita zaidi ya inavyotakiwa, unakula kitambaa cha pande zote mbili, kwa hiyo umepoteza milimita 1. Mishono 6, milimita 6. Kwenye kwilti ya kitandani yenye bloku za inchi 12, milimita 6 kati ya 305 hazionekani. Kwako ni 6 kati ya 51, zaidi ya sehemu ya kumi ya bloku. Na bloku ya pili huenda umekosea kidogo zaidi, au kidogo chini ya hapo. Zitalingana vipi?

Dawa yake ni karatasi. Kushona vipande vilivyo huru, kimoja baada ya kingine, kunafaa kwa bloku ya inchi 6. Kwa inchi 2, chora bloku nzima kwenye karatasi nyembamba, umbo likiwa limegeuzwa kama kwenye kioo, kwa sababu utashona upande wenye mchoro na kitambaa kitakaa upande wa pili. Ukitumia printa, iweke asilimia 100, uchapishe moja tu, uipime kwa rula, ndipo uchapishe zile 15 zilizobaki. Printa nyingi hupunguza mchoro bila kukuuliza.

Weka mraba mwekundu nyuma ya karatasi, uso wake ukitazama nje, uvuke mistari yake kwa robo inchi kila upande. Laza gogo la kwanza juu yake, uso kwa uso. Geuza, shona juu ya mstari wenyewe, ukianza kabla ya mwanzo wa mstari na kuvuka kidogo mwisho wake. Kunja karatasi kwenye mshono, punguza akiba ya mshono, kile kitambaa kinachobaki nje ya uzi, ibaki thumuni ya inchi, yaani milimita 3, kisha fungua gogo na ulibonyeze kwa pasi. Ndipo gogo la pili, la tatu, la nne, ukizunguka upande ule ule mpaka magogo 12 yaishe. Yakate kwa upana wa inchi 1, ingawa hesabu inasema robo tatu zinatosha. Ile ziada utaipunguza baadaye, na itakuokoa pale gogo linapokaa upande. Akiba ya nje ya bloku iache robo inchi kamili mpaka bloku ziunganishwe.

Pigo la sindano liwe milimita 1.5, ili karatasi itoboke vya kutosha na ichanike bila kufumua mshono. Sindano namba 70/10. Uzi wa pamba namba 60, na kumbuka namba ikipanda uzi unakuwa mwembamba zaidi. Uzi mnene hujaza mkunjo wa mshono, na gogo la robo inchi halina nafasi ya kuupa. Cherehani ikimeza kona ya kipande, anzia kwenye kitambaa chakavu kisha uingie kwenye bloku bila kukata uzi, na uifungie lile bamba la chini ya sindano lenye tundu moja dogo badala ya lile la zigizaga. Karatasi usiitoe mpaka bloku zote 16 ziwe zimeshikana, maana ndiyo inayozizuia kuvutika. Utaitoa kwa kibanio cha nyusi. Ni kazi ya jioni kadhaa, usiifanye ukiwa na haraka.

Pasi iwe kavu. Ibonyeze na uinyanyue, usiiburute. Mvuke unakunja karatasi, na kwako umefanya jambo baya zaidi: ule wekundu uliokolea kwenye magogo meupe ya mstari wa tatu ni rangi ya kanga iliyotoka kwa mvuke. Kabla ya kukata chochote, lowesha kipande kwenye maji ya uvuguvugu, kibonyeze juu ya kitambaa cheupe, uone kama kinaacha alama. Kikiacha, fua tena na tena mpaka kisiache alama. Siki na chumvi walizokushauri kwenye warsha hazishiki rangi ya pamba.

Sasa nije kwenye kanga yenyewe, na hapa ndipo moyo wangu unapouma.

Siku ile baada ya arobaini, chumbani kwa Mama, ulitandika kanga kitandani ukachukua mkasi wa jikoni, ule wa mapezi ya samaki. Nilikuwa mlangoni. Hukuuliza. Uliikata kuanzia pindo la juu, ukashuka katikati ya mji, ukapita katikati ya jina, ukamalizia pindo la chini, na ulipofika kwenye jina mkasi uligoma ukaulazimisha. Nilipokuuliza unafanya nini ulinijibu, "Ni kitambaa tu, dada. Nataka maneno yake yawe ndani ya kwilti." Jina lenyewe silitaji hapa. Tunalijua, na tunajua alimvalia nani.

Nimeyapima maneno yako hayo mawili, na hayawezi kukaa pamoja. Kama ni kitambaa tu, ungeweza kuchukua kitambaa kingine. Kama ulitaka maneno yake, ungejua kwamba herufi za jina lile zina urefu wa sentimita 3 na zaidi, na gogo lako lina upana wa milimita 6. Herufi haiwezi kukaa humo. Nimeitafuta kwenye picha yako nikaona vistari vyeusi na vyeupe, na hakuna atakayejua kwamba yale yalikuwa maandishi. Umelikata jina na jina halimo.

Na hukulihitaji. Nimekupigia hesabu. Magogo yaliyokoza ya bloku 16, kila moja likiwa na akiba yake, ukiyapanga kwa urefu ni kama inchi 180 za ukanda wa inchi 1. Kipande cha sentimita 40 kwa 40 kinakutosha pamoja na mabaki. Kanga moja ina takriban sentimita 150 kwa 110. Ulihitaji sehemu ya kumi, na ungeweza kuitoa mjini juu, mbali kabisa na jina. Mama angekuwa hai angekukatia mwenyewe, tena kwa mkasi wake wa nguo.

Mkasi ule ulifanya kosa jingine ambalo bado unalihangaikia bila kujua chanzo chake. Kanga ni kitambaa chepesi, nyuzi zake zimeachana kuliko zile za pamba wanayouza kwenye maduka ya kwilti, na mchoro wake mara nyingi hauendi sambamba na uzi. Ukikata kwa kufuata mstari wa pindo, unaweza kuwa unakata mshazari. Kitambaa kilichokatwa mshazari huvutika, ndiyo maana magogo yako marefu yamepinda kama upinde. Chomoa uzi mmoja wa mshindio mpaka mwisho, utaona njia nyembamba imebaki. Hapo ndipo pa kunyooshea kitambaa. Kisha kata magogo yako kwa kufuata mtande, ambao hauvutiki sana. Kabla ya yote inua kanga dirishani. Palipovaliwa sana, kiunoni alipokuwa akifungia, mwanga unapita. Pale usipatumie, akiba ya milimita 3 itafumuka.

Kingine cha lazima ni wanga. Pika uji mwepesi wa wanga wa muhogo, chovya kanga, ianike, ipige pasi ikiwa na unyevu kidogo mpaka iwe ngumu karibu na karatasi. Hapo haitateleza wala kuchanika ukingoni. Kwilti ikiisha ioshe wanga wote utoke, maana wadudu wanaupenda.

Unasema nilikunyima ile ya pili kwa choyo. Umelisema kwa shangazi, umelisema kwa binamu zetu, na huenda hata huko warshani wanajua una dada mchoyo. Mama aliacha doti moja. Kanga moja kati ya zile mbili ilikwisha kukatwa mbele ya macho yangu na mtu ambaye alikuwa hajashona hata bloku moja ya majaribio. Nilichofanya ni kuifungia iliyobaki, na hata leo ningeifungia. Ningekupa, leo tungekuwa na majina mawili yaliyokatwa, bila hata moja zima. Wewe ulipata nusu yako ukaitumia. Mimi yangu ipo sandukuni, nzima, na sijaigusa kwa faida yangu.

Nakutakia mema, usidhani vinginevyo. Una jicho la rangi, nalikubali. Ule mpangilio wako wa nusu zilizokoza kukutana zikatengeneza almasi katikati, hukuelekezwa na mtu. Na uko Kentucky, jimbo lenye mji wa Paducah, ambako kuna jumba la makumbusho ya kwilti lililofunguliwa mwaka 1991. Omba usafiri uende. Paducah ni mahali ambako American Quilter's Society, chama cha washonaji wa kwilti, hufanya maonyesho yao, na sharti lao kwa kwilti ndogo ni kwamba isizidi inchi 24 kila upande, na kila kitu ndani yake kiwe kimepunguzwa kipimo: bloku, nakshi, mishono ya juu, hata ukingo. Mwalimu wako angeanzia hapo. Ulitandaza pamba nene ya kwilti ya kitanda ndani ya kwilti ya inchi 8, na ndiyo imekuwa kama mto. Tumia flana iliyofuliwa, au pamba nyembamba uichane matabaka mawili utumie moja. Mistari ya kushikiza ikaribiane, nusu inchi au chini yake. Ukingo, kata ukanda wa inchi 1, ukunje mara moja tu, ubaki robo inchi, sawa na gogo. Ule wa kukunja mara mbili uliouweka wewe ni wa blanketi.

Nimewaza hivi. Jina la kanga iliyobaki lina urefu wa sentimita 50 na kitu. Inchi 24 ni sentimita 61. Kwilti ya upande huo, bloku 12 kwa 12, yaani 144, ingeweza kuwa na jina lote nyuma yake, halijakatwa, na linasomeka. Magogo yatoke kwenye ile uliyoikata. Bado ina kitambaa cha kutosha hata ukitupa pale penye jina, na pale sitaki patupwe, niletee.

Kabla ya hapo nataka bloku nne za majaribio kwa pamba ya kawaida, juu ya karatasi, bila kanga. Kila moja iwe inchi 2 na nusu ikiwa na akiba yake, pande zote nne, na ukiziunganisha upate inchi 4 na nusu kamili. Zipige picha juu ya rula, upande wa milimita, na uzitume kwangu, siyo kwenye kundi. Zikilingana, panga likizo uje. Kanga haitapandishwa ndege, na wa kuikata ni mimi.

Dada yako.