Tairi la zaidi ya miaka kumi kwenye gari tunayouziwa kuwa mpya

Mheshimiwa Mhariri,

Assalaam alaykum. Nimekuwa msomaji wa gazeti lako kwa miaka mingi na sijawahi kukuandikia, lakini ile taarifa yako juu ya ajali za gari za abiria hapa Pemba imenishinda kunyamaza. Utaikumbuka: waliohojiwa walitaja mwendo wa kasi, wakataja uzembe wa madereva, wakataja abiria kupakiwa kupita kiasi, na taarifa ikaishia hapo. Matairi hayakutajwa hata kwa neno moja. Mimi nasema kwamba zipo gari zinazoshushwa bandarini na kuuzwa kwetu kwa jina la gari mpya ambazo huingia barabarani zikiwa na matairi yasiyostahiki kubeba mtu, na kosa hilo si la dereva wala si la abiria.

Mimi na ndugu zangu tulichanga fedha tukanunua Hiace kwenye yadi moja ya Unguja, gari iliyotoka Japani, safi ndani na nje, tukaivusha kwa meli hadi Mkoani. Muuzaji alituinamisha kila pembe ya gari, akatia kidole katikati ya kashata za tairi kutuonesha zilivyo na kina, na kweli zilikuwa nene. Matairi yote yaling'ara kwa ule mpako mweusi unaopakwa yadi. Haikupita muda mrefu, tukiwa tunampeleka mama yetu mzazi Hospitali ya Abdalla Mzee, tairi la nyuma la kushoto likapasuka karibu na Mtambile, mchana, barabara kavu, na gari haikuwa imejaa hata nusu ya viti. Gari ilivuta kushoto, ikatoka barabarani, ikasimama hatua chache kabla ya mnazi. Dereva hakuwa akikimbia. Mimi nilikaa ubavuni pake na mshale wa spidi nilikuwa nikiuona kwa macho yangu. Alhamdulillahi hakuna aliyeumia, lakini mama yetu ni mtu mzima, na mpaka leo akipanda gari hushika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili mpaka afike.

Tulipolifuta tairi lile kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, weusi wote ulitoka, na chini yake ubavu mzima ulikuwa na nyufa nyembamba kama udongo wa bonde la mpunga wakati wa kiangazi. Kwenye ubavu huo huo, ndani ya kiduara chenye umbo la yai, zimechapwa tarakimu nne: 4112. Tarakimu mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, yaani tairi lilitoka kiwandani katika wiki ya 41 ya mwaka 2012. Tukaendelea kuangalia. Matairi mawili ya mbele yameandikwa STUDLESS, na hayo ni matairi ya theluji, ambayo Wajapani huyafunga wakati wa baridi na kuyavua baridi ikiisha, kwa kuwa mpira wake ni laini na umekusudiwa kufanya kazi katika baridi ya chini ya nyuzijoto 7. Hapa kwetu hata kipupwe kikikaza, baridi ya namna hiyo hatuijui. Mpira huo ukikanyaga lami ya moto ya Pemba hulika upesi, na gari hukawia kusimama unapokanyaga breki. Tairi la akiba, ambalo muuzaji alilihesabu kuwa ni zawadi, ringi yake ilikuwa sawa, inchi 15, lakini ubavuni limeandikwa 91, na namba hiyo maana yake ni kwamba tairi moja halipaswi kubeba zaidi ya kilo 615. Ni tairi la gari ndogo ya nyumbani. Hiace inayobeba watu na magunia ya karafuu inataka tairi la 107, lenye uwezo wa kilo 975. Aliyelitia tairi lile chini ya gari ya abiria alijua au alikataa kujua, na kwangu mimi hayo mawili yana uzito mmoja.

Wenye yadi hujibu kwamba kashata bado nzima. Jibu hilo halifai, kwa sababu tairi huzeeka hata likiwa limesimama. Kiwandani mpira huchanganywa na dawa na nta za kuukinga na jua na hewa, na nta hiyo hutokeza juu ya ngozi ya tairi kila tairi linapozunguka na kujikunja. Gari ikisimama miezi kwenye kiwanja cha Japani, kisha melini, kisha juani kwenye yadi, kinga haitokezi, mpira hukauka, na nyufa huanza ubavuni huku kashata zikibaki kama zilivyo. Uingereza wameliona jambo hili na kulitungia sheria: tangu tarehe 1 Februari 2021 basi na lori haziruhusiwi kuwa na tairi la miaka 10 au zaidi kwenye ekseli ya mbele, na kwa basi dogo katazo linagusa kila gurudumu linalofungwa moja moja. Gari yetu isingeruhusiwa kubeba mtu huko.

Na kwa kuwa nimeshaanza kusema, niseme na la upepo. Kwa mafundi pancha wetu wengi hakuna geji. Fundi anatia upepo kwa kukisia, anapiga tairi teke, anasikiliza, anasema tayari. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kupita kiasi, hupata moto, na likiwa limezeeka ndipo hupasuka. Geji si kitu cha bei kubwa, na mtu anayepokea fedha za watu kwa kazi ya matairi hana udhuru wa kuikosa.

Ninachotaka ni hiki. Kila yadi huandika bei ya gari kwa rangi nyeupe kwenye kioo cha mbele. Basi chini ya bei, kwa rangi hiyo hiyo na kwa ukubwa huo huo, ziandikwe tarakimu nne za kila tairi, matano yote pamoja na la akiba, na lililo la theluji liandikwe kuwa ni la theluji. Mpako mweusi upigwe marufuku mpaka gari iuzwe. Taasisi ya Viwango Zanzibar iweke ukomo wa umri wa tairi kwa gari za abiria, na gari itakayokutwa na tairi lililopita ukomo huo, kadi isihamishwe jina mpaka muuzaji afunge matairi mapya kwa fedha zake mwenyewe, mbele ya mnunuzi, na risiti ya duka ikabidhiwe pamoja na funguo.

Wako,
Mwenye gari,
Wete, Pemba