Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: ugomvi wa kabati

Ndugu wanachama wa klabu yetu ya santuri,

Tumekutana kila mwezi kama katiba inavyotaka, ukiondoa mwezi ule gramafoni ilipokatika mkanda. Hesabu mtazisikia kwa mweka hazina. Mimi niseme tu kwamba ada zimeingia kwa kusuasua, na wahusika wanajijua.

Kilichotula muda ni kabati. Miaka yote santuri zenye mahadhi yasiyooana tumezirundika pamoja chini ya kibandiko "Mizaha". Kikao cha kwanza tu, mwanachama mmoja akasimama na "A Fifth of Beethoven" mkononi: "Mzaha wa hii uko wapi?" Tukaiweka. Noti nne zile za Simfoni ya Tano ya Beethoven, halafu ngoma za disko zikaingia chini yake, na vinanda vya nyuzi wala havikubabaika. Walter Murphy aliitoa 1976 na mwaka huohuo ikashika namba moja Marekani. Wapigaji wako kazini. Tunaocheka ni sisi.

Ubishi ukaanzia hapo. Kwa upande wangu, mzaha mtupu huchuja kabla hujageuza upande wa pili. Mchanganyiko uliofikiriwa hukurudisha kwenye wimbo wa mwanzo ukausikie upya. Ndiyo maana niliitetea "El Baile Alemán" ya Señor Coconut, yaani nyimbo za Kraftwerk, bendi ya Kijerumani ya muziki wa mashine, kwa midundo ya cha-cha-cha, kumbia na merenge. Wengi wenu mliapa ni bendi kubwa ya Amerika ya Kusini. Kumbe ni Uwe Schmidt, Mjerumani aliyehamia Chile, akikatakata vipande vya sauti na kuviunga kwa kompyuta. Nyimbo za mashine zimevalishwa jasho la ukumbi wa dansi, na ndani yake bado ni mashine! Imehama kabati bila kupingwa.

Kwa Pat Boone nilikosea. Mwaka 1997 mwimbaji huyo mpole alitoa "In a Metal Mood", nyimbo za roki nzito zikipigwa na bendi ya matarumbeta. Akajitokeza kwenye hafla ya tuzo kavaa ngozi nyeusi, kifua wazi, na kipindi chake cha injili kikaondolewa kwenye televisheni. Nilipendekeza tuiuze. Tulipoisikiliza hadi mwisho, matarumbeta yalikuwa yamepangwa kwa ufundi hasa. Nimefuta pendekezo.

Albamu ya disko ya 1979 ya Ethel Merman, mwimbaji wa maigizo ya jukwaani wa Marekani, imebaki "Mizaha" kwa wingi wa kura moja. Sitaji aliyeipiga.

Ombi: msiandike majina kwenye majalada kwa kalamu ya wino.

Dread Zeppelin haina rafu hadi leo. Ni nyimbo za Led Zeppelin, bendi ya roki nzito ya Uingereza, kwa rege, zinaimbwa na mtu anayemwigiza Elvis, na kamati imekaa juu yake mara mbili ikaishia kucheka. Kwa sasa santuri iko kwangu. Mwenye hoja aje nayo kikao kijacho.

Mwenyekiti