Sandwichi ya nyama na chizi haitaki moto mkali

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongelee ile resipi ya sandwichi ya moto ya nyama na chizi mliyoitoa kwenye ukurasa wa mapishi. Mwandishi kasema washa moto mkali, dakika mbili kila upande, basi umemaliza. Jamani hapana! Ukifanya hivyo mkate utakuwa mweusi nje, chizi bado imesimama vilevile ilivyotoka kwenye friji, nyama baridi katikati, halafu lawama zote zinaenda kwa chizi.

Mkate unaungua kabla joto halijafika ndani, ishu ni hiyo tu. Chizi kama cheda inayeyuka kwenye nyuzi joto 65 hivi, wakati mkate unapata ile rangi ya kahawia kuanzia kama nyuzi 140, kwa hiyo chizi haidai moto mkali, inadai muda. Weka moto mdogo, funika kikaango dakika za mwanzo ili mvuke upashe na upande wa juu, kisha funua umalizie mpaka mkate ukauke, ukipitisha kisu juu yake usikie kra kra. Siagi paka kwenye mkate wenyewe, nje, usiimwage kwenye kikaango maana itaanza kuungua pembeni huku mkate bado mkavu. Ukiwa na mayonezi paka hiyo, haiwahi kuungua kama siagi na rangi inatoka safi tu.

Halafu nyama, hapa resipi yenu imepita kimyakimya. Nyama iwe imeshaiva na iwe ya moto kabla haijaingia kwenye mkate, kwani humo ndani haiivi, na kama ni ya kusaga hakikisha imefika nyuzi 71 katikati. Ya kuchoma iliyobaki jana ikate nyembamba kabisa, kukata nyuzi zake siyo kuzifuata, la sivyo ukiuma kipande kizima kinachomoka na chizi yote unabaki na mkate mkononi. Ikiwa na mchuzi ichuje. Chizi weka chini na juu ya nyama, ndo gundi yenyewe hiyo.

Na siyo kila chizi, jamani. Cheda ambayo haijakaa sana, gouda, mosarela, zote poa, ila halumi haiyeyuki hata uisubiri mpaka kesho. Ile ya pakiti iliyokwaruzwa tayari mara nyingi imepakwa wanga isigandane, kwa hiyo haiyeyuki laini kama ya kukwaruza mwenyewe. Slesi za chizi za kiwandani watu wanazidharau sana lakini kwa kuyeyuka hazina mpinzani, mimi nazitumia bila aibu.

Najua kuna atakayesema mbona Wafaransa wanaichoma croque-monsieur, sandwichi yao ya hemu na chizi, kwa moto mkali wa juu wa oveni, sawa, ila pale chizi nyingine iko juu ya mkate, wazi, moto unaigusa moja kwa moja. Ya kwetu imefichwa ndani.

Kwa hiyo mkichapa tena hiyo resipi naomba mrekebishe hapo penye moto, na dakika mbili ziwe nne au tano, na muongeze kwamba mtu aiache itulie dakika moja kabla ya kukata maana chizi ikiwa bado ya moto sana yote inakimbilia kwenye sahani.

Msomaji wenu wa kila wiki