Ile treni ya binti mmoja, sasa basi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku langu. Nalisoma gazeti lako tangu nihamie huku Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, huu mwaka wa kumi na moja, na sijawahi kukuandikia hata mstari. Ila mwezi uliopita mmeirudia tena ile habari ya stesheni ya Japani iliyoachwa wazi kwa ajili ya mwanafunzi mmoja mpaka amalize shule. Na picha ya Shinkansen, ile treni ya umeme ya mwendo kasi, juu yake!

Habari hiyo ilianza kuzunguka Januari 2016, na kosa lake bado mnalibeba. Binti hakuwa akipandia stesheni ya Kami-Shirataki mliyoitaja, alikuwa akipandia ya jirani, Kyu-Shirataki, huku huku Hokkaido. Zote mbili zilifungwa siku moja, 26 Machi 2016, pamoja na Shimo-Shirataki, kwa sababu abiria walikwisha. Ratiba za treni huku hubadilishwa Machi, na shule nazo hufunga mwaka Machi. Huruma mmeitia nyinyi.

Huruma yenyewe mimi naijua. Majira yangu ya baridi ya kwanza, nilikwenda stesheni ya mji wetu jioni, mwanangu wa miezi minane mgongoni, kanga ndani, koti juu. Karani wa tiketi alikwishaondoka, pazia limeshuka dirishani. Treni ikaja, mabehewa mawili, dereva peke yake, hakuna kondakta. Nikasimama kwenye mlango wa behewa la nyuma, palepale ninapopandia kila siku mchana. Haufunguki. Nagonga kioo, ndani mzee mmoja ananionyesha kwa kidole, mbele, mbele, nami nadhani ananisalimu. Treni ikaondoka. Kumbe karani akiwepo milango yote hufunguka, akishatoka hufunguka ya behewa la mbele tu, upande wa dereva, kwenye sanduku la nauli. Kipaza sauti kilikuwa kimesema, lakini kwa Kijapani cha haraka, na mimi wakati ule nilijua asante na samahani. Treni iliyofuata ilikuwa baada ya saa mbili na dakika arubaini. Jiko la mafuta ya taa kwenye chumba cha kungojea huzimwa karani anapotoka, kwa hiyo nilikusanya mito yote ya mabenchi, ile midogo wanayoshona bibi wa mtaani, nikamzungushia mtoto kama kuku anayeatamia. Hakuna aliyekuja kupiga picha siku hiyo.

Maana wapiga picha nao nina neno nao. Machi 2023, kipande cha reli cha kutoka Ishikari-Numata hadi Rumoi kilipokuwa kinafungwa, reli iliyofika Rumoi mwaka 1910, nilikwenda kuaga. Lo! Watu wamejaa, kamera kama mitutu, mtu na mzazi wake wanasukumana kwenye jukwaa. Huku wana jina lao kabisa, wapenda reli wa mazishini. Mgonjwa alikuwa hana wa kumpa uji, matangani wamejaa wanagombea pilau. Wangekata tiketi mara mbili tu kwa mwaka, Februari, siyo siku ya mwisho! Kampuni yenyewe ya reli ya huku, JR Hokkaido, ilisema tangu Novemba 2016 kwamba karibu nusu ya njia zake haiwezi kuziendesha peke yake. Hilo sikuliona gazetini mwako, labda halina binti ndani yake.

Kwa hiyo nashauri hivi. Kila mtakapoirudia habari ile, na najua mtairudia, chapisheni pembeni yake ratiba ya njia hiyo, herufi kubwa, msomaji ahesabu mwenyewe treni ngapi kwa siku. Na atakayeiandika aje Januari. Nitampokea, nimpeleke stesheni jioni, nimwache asimame kwenye behewa la nyuma.

Picha nayo badilisheni. Shirataki hupita treni za dizeli.

Msomaji wenu,
Mama wa Kitanga, Hokkaido