Risala ya Wagonjwa wa Saratani na Wauguzaji Wao kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, madaktari na wauguzi mliopo, ndugu zetu, na wenzetu mnaoendelea na matibabu,

Tunakukaribisha kwa mikono miwili na kukushukuru kwa kuitikia wito wetu. Sisi ni kikundi cha watu wanaotumia dawa za saratani, waliokwisha kuzimaliza, na jamaa wanaowauguza. Hukutana kufarijiana, kukumbushana tarehe za kliniki na kufundishana namna ya kuishi na dawa. Tungeweza kukuletea mengi, lakini tumekubaliana kuleta jambo moja: presha inayopanda kwa sababu ya matibabu yenyewe.

Mheshimiwa, mtu akiambiwa ana saratani, mawazo yote huhamia kwenye uvimbe. Kutapika anakutarajia, na kukatika nywele pia. Presha haitarajii, wala haimbishii hodi. Anaweza kuwa na 170 kwa 100 huku akijiona mzima kabisa.

Dawa zinazoongoza kwa hili ni zile zinazouzuia uvimbe usiote mishipa mipya ya damu: bevacizumab inayotolewa kwa dripu, na vidonge kama sunitinib, sorafenib, pazopanib na lenvatinib. Uvimbe hutoa kichocheo cha kuotesha mishipa ya kuulisha, na dawa hukikatiza. Lakini kichocheo hichohicho huisaidia mishipa ya mwili mzima kutengeneza nitriki oksidi, ambayo huilegeza. Ikipungua, mishipa hubana na presha hupanda, pengine ndani ya siku chache tangu dozi ya kwanza, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na presha maishani mwake. Abiraterone, ya saratani ya tezi dume, ina njia yake: huufanya mwili ushike chumvi na maji na kupoteza potasiamu. Ibrutinib, ya baadhi ya saratani za damu, inaweza kuipandisha miezi mingi baada ya kuanza, wakati kila mtu ameshazoea kuona vipimo vizuri. Juu ya hizo kuna steroidi, na kuna vidonge vya maumivu kama diclofenac na ibuprofen, ambavyo wengi wetu hujinunulia bila kumweleza daktari. Hilo la vidonge vya maumivu tunawasihi wenzetu waliokaa hapa wasilipuuze.

Kinachotuumiza zaidi, Mheshimiwa, ni yale yanayofuata presha ikishaonekana. Wako wenzetu walioshauriwa na watu wa karibu waache dawa ya saratani, wakaiacha kimyakimya. Wako pia wanaojipima nyumbani, wakaona namba kubwa, wakaificha wakiogopa daktari atawasimamishia tiba. Wote wawili wamo hatarini, na wote wawili walihitaji kuambiwa mapema kwamba mara nyingi presha hii hushushwa kwa dawa za kawaida, na tiba ya saratani ikaendelea. Mwongozo wa Jumuiya ya Ulaya ya Magonjwa ya Moyo wa mwaka 2022 unalenga chini ya 130 kwa 80 kwa wagonjwa wengi, ikiwa wanaivumilia tiba vizuri. Ni pale inapofika 180 kwa 110 au zaidi ndipo dawa ya saratani husimamishwa kwa muda, hadi ishuke chini ya 160 kwa 100.

Hata hivyo si kila dawa ya presha inatufaa. Amlodipine, losartan na ramipril hutumika sana. Verapamil na diltiazem huweza kulizuia ini lisivunje baadhi ya vidonge vya saratani, vikajaa mwilini kupita kiasi. Dawa za kukojoza maji nazo zinaweza kumkausha mgonjwa anayeharisha au kutapika. Kwa hiyo kuazimana vidonge vya presha, jambo tunaloliona mara nyingi, ni hatari kwetu kuliko kwa watu wengine. Tena anayemeza sunitinib wiki 4 na kupumzika 2, presha yake inaweza kushuka katika mapumziko. Akiendelea na vidonge vilevile vya presha bila kupimwa, huenda akapata kizunguzungu na kuanguka.

Sasa tunakuja kwenye maombi yetu. Tunaomba presha ipimwe na kuandikwa kabla ya kila dozi, mgonjwa akiwa ameketi na kutulia dakika 5, si akiwa ndiyo kwanza amefika anahema. Tunaomba mashine zenye mikanda ya ukubwa tofauti, maana wengi wetu tumekonda, na mkanda mpana kwenye mkono mwembamba hutoa namba ndogo kuliko ilivyo. Tunaomba mashine chache za kikundi, ili anayeanza dawa hizi ajipime nyumbani wiki za mwanzo, wakati ambapo presha hupanda kwa kasi. Na zaidi ya yote, tunaomba kliniki ya saratani na ya moyo zisome faili moja. Leo mgonjwa ndiye mjumbe kati ya madaktari wawili, naye ndiye mchovu kuliko wote.

Kwa upande wetu, tumeanza kufundishana dalili zisizosubiri tarehe ya kliniki: kichwa kuuma kusiko kwa kawaida, macho kufifia, kuchanganyikiwa, degedege, kifua kubana. Anayeuguza akiziona, ampeleke mgonjwa hospitali saa hiyohiyo, na abebe pakiti za dawa zote anazotumia, zikiwemo za kujinunulia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nakala ya maombi haya tutakukabidhi pamoja na majina ya wawakilishi wetu wawili, mgonjwa na muuguzaji, walio tayari kukaa na wataalamu utakaowateua. Tunakukaribisha uzungumze nasi.

Naomba kuwasilisha.