Jaribuni risasi kwenye bunduki zenu kabla ya Julai

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua niseme na wawindaji wenzangu wenye leseni hapa Mwanza. Msimu unafunguliwa tarehe 1 Julai, na kila mwaka naona jambo lile lile: mtu ananunua boksi la risasi, analitupia kwenye gari, na bunduki haifyatuliwi hata mara moja mpaka nyati asimame mbele yake. Mimi ni askari wanyamapori mstaafu, naishi Buswelu, na wamiliki wa silaha hunijia niwasindikize kwenye uwanja wa shabaha. Wanaokuja ni wachache mno kuliko wanaokwenda porini.

Mwezi uliopita kijana mmoja aliniuliza, "Shikamoo mzee. Hizi zimetoka kiwandani, zimeshapimwa huko. Za nini tena kuzijaribu?" Nilimjibu hivi. Kiwanda kimezipima kweli, lakini kwa mtutu wa kiwanda. Mwendo ulioandikwa kwenye boksi mara nyingi ni wa mtutu wa majaribio wa inchi 24, na bunduki yenye mtutu wa inchi 20 haiufikii. Halafu ndani ya kila mtutu kuna mifereji iliyojipinda ya kuizungusha risasi, na risasi ndefu na nzito inataka mzunguko wa kasi zaidi ili itulie hewani. Hata bunduki mbili za kampuni moja, kaliba moja (yaani zinazotumia risasi za ukubwa mmoja), zinaweza kuchagua risasi tofauti.

Hakuridhika mpaka alipoona mwenyewe. Bunduki yake ni ya kaliba .30-06. Tuliilaza kwenye mifuko ya mchanga, shabaha mita 100, tukapiga aina mbili, zote za greni 180 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi). Zile za bei kubwa zilitawanya matundu kwa sentimita 9. Zile za bei nafuu zilikaa ndani ya sentimita 3. Mwenzake mwenye kaliba hiyo hiyo akapiga maboksi yale yale, na matokeo yakageuka: kwake za bei kubwa ndizo zilizokusanyika. Kutawanya sentimita 9 kwenye mita 100 ni sentimita 18 kwenye mita 200, na hapo bado hujaweka upepo, pumzi za mtu aliyetembea tangu alfajiri, na mikono isiyo na mfuko wa mchanga. Risasi hiyo ya greni 180, ukiwa umeirekebisha darubini ya bunduki ipige katikati kwenye mita 100, inashuka zaidi ya sentimita 10 ikifika mita 200.

Kinachonisikitisha zaidi ni hizi karatasi za matundu matatu ambazo watu wanazipiga picha na kutumiana. Matundu matatu yanadanganya. Bunduki hiyo hiyo na risasi hizo hizo, ukipiga kumi, kundi litapanuka kwa wastani kama mara moja na nusu. Najua risasi ni ghali na kibali cha kununua kina hesabu yake. Basi piga tano tano, siku tofauti, kisha uziweke karatasi moja juu ya nyingine. Subiri mtutu upoe kati ya kundi na kundi. Tundu la kwanza, la mtutu baridi, litie alama ya peke yake, maana porini hiyo ndiyo risasi unayompigia mnyama. Kama umetoka kusafisha mtutu, ile ya kwanza inaweza kwenda pembeni. Usilihukumu boksi zima kwa hiyo.

Nendeni asubuhi. Jua likishapanda, upepo wa ziwani unaamka, na unaweza kulaumu risasi kwa kosa la upepo. Wala msiache boksi kwenye dashibodi. Baruti iliyopata joto huungua kwa nguvu zaidi, mwendo unabadilika, na pahala risasi inapotua nako kunabadilika. Na mkipata boksi linalofaa, andikeni namba ya toleo iliyopigwa kwenye boksi, mnunue za namba hiyo hiyo. Toleo jipya linataka kujaribiwa upya, hata kama jina na picha ni zile zile.

Nimefuata nyati waliojeruhiwa. Nyati aliyepigwa tumboni anaweza kuingia kichakani na kusubiri. Wewe mwindaji una gari la kurudia Mwanza. Mama wa kijiji cha jirani na pori, anayetoka kesho yake kutafuta kuni, hana habari kwamba jana ulikosea kwa kiganja kimoja. Kaliba .375 H&H, ambayo wengi wetu tunaibeba kwa nyati, ipo tangu 1912 na haina ubishi kwa nguvu, lakini nguvu isiyofika kwenye mapafu haimsaidii mama huyo.

Ombi langu ni kwa wanaosimamia viwanja vya shabaha mkoani kwetu. Tutengeeni asubuhi za Jumamosi, kuanzia sasa mpaka mwisho wa Juni, kwa ajili ya wenye leseni ya silaha na kibali cha kuwinda. Kinachotakiwa ni meza isiyotikisika, mifuko ya mchanga, umbali uliopimwa kwa futikamba na si kwa hatua, na mtu wa kusimamia usalama. Kazi ya kupima matundu na kuandika daftari niko tayari kuifanya bila malipo.

Mstaafu wa wanyamapori,
Buswelu, Ilemela, Mwanza