Gati la Lamu na mgeni wa kiti cha magurudumu

Mhariri,

Lamu ikitangazwa, husifiwa Mji Mkongwe ulioingia katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, punda wake na milango ya nakshi. Mgeni wa kiti cha magurudumu huwa na swali jingine: nitashukaje kwenye boti? Uwanja wa ndege uko Manda, basi huishia Mokowe, na kwa njia yoyote ni lazima avuke maji. Safari nyingi huharibikia hapo, kabla ya vichochoro vinavyolaumiwa kila siku.

Mwamuzi ni bamvua, yaani maji makuu ya mwezi. Siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama, au kuwa mpevu, maji hupanda na kushuka karibu mita 3, na pwani yetu hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Boti huwa chini sana ya gati, na vidato vya chini vina utelezi wa mwani na chaza wanaokata kama wembe. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, saa hizo hizo maji huwa yamejaa na ukingo wa boti hukaribia gati. Basi anayekata tiketi atazame mwezi kwanza. Akiwa hana budi kuja na bamvua, avuke alasiri.

Mabaharia wetu wana nguvu na moyo, lakini wengi hukamata kiti popote mkono unapofika. Vya kuegemeza mikono huchomoka, vya kukanyagia miguu huchomoka upesi zaidi, na gurudumu si la kushikwa kamwe. Shika chuma cha fremu, mmoja nyuma na mmoja mbele. Apandishwe au ateremshwe, mgongo wake uelekee juu ya ngazi. Kwenye boti, kiti kitangulie na kifungwe breki, kisha mtu. Naye aulizwe kwanza anavyopenda kubebwa, maana mwili ni wake. Kiti cha umeme kinaweza kupita kilo 100: aambiwe mapema aje na cha kukunja.

Ngazi za zege hazipandi na maji. Jukwaa linaloelea hupanda nayo. Hata hilo lina mpaka wake, kwani kwa tofauti ya mita 3 daraja lake la kuliunganisha na gati lingetaka urefu wa mita 36 ili mteremko ubaki 1 kwa 12, yaani mita 1 ya kimo kwa mita 12 za urefu. Daraja fupi litafaa maji yakijaa tu, na abiria aelezwe hivyo.

Mjini, usita (njia) wa pwani na njia kuu hufuata bahari na ni tambarare. Vichochoro vya kupanda kilimani vina vidato na mitaro, na magurudumu madogo ya mbele ndiyo hunasa. Geuza kiti ukivute kinyumenyume.

Ngome, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, husemwa haiguswi kwa kuwa ni urithi. Mteremko wa mbao usiopigiliwa msumari ukutani haugusi kitu. Kila kidato cha kimo cha sentimita 15 hutaka sentimita 180 za mbao. Vidato vinne ni mita 7 na ushei. Kichochoroni hazienei, ila uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome, unazo. Upana uwe sentimita 100, na ubavuni pawe na ukingo ili gurudumu lisichupe. Mafundi wanaounda majahazi hapa hawatashindwa na kazi hiyo.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Wakati mbao zikisubiri bajeti, makumbusho na nyumba za wageni waandike pale wanapotangaza bei: vidato vingapi mlangoni, upana wa mlango kwa sentimita, na choo kiko ghorofa gani. Utepe wa fundi cherehani unatosha kupima.

Wasindikizaji wa wageni,
Langoni, Lamu